Nani anaamuru mstari wa ukuta? Mwongozo wa kudhibiti mistari ya kuta kwenye Revit

Usiku mmoja nilikesha nikificha mistari iliyokuwa ikikatiza kwenye maungano ya kuta. Nilikwenda mmoja baada ya mwingine kwa amri ya LW ("Linework", ya kubadili au kuficha ukingo mmoja), kuta kama arobaini hivi, na ramani ikatoka safi. Asubuhi msimamizi akaomba ramani ya ghorofa ileile kwa skeli nyingine. Nikafungua mwonekano mpya, yaani picha nyingine ya modeli ileile, na mistari yote niliyoizika usiku ilikuwa imefufuka. Kosa halikuwa la programu. Nilikuwa nimesahihisha picha, na ukuta wenyewe sikuugusa.

Kwenye programu za modeli, mstari wa ukuta haujachorwa na mtu. Programu huutoa kila mara unapofungua mwonekano, kwa kusikiliza amri za ngazi kadhaa. Kabla hujaugusa, jua ni ngazi ipi inayouamuru. Mwongozo huu ni wa Revit, programu ya kuunda modeli za majengo, na karibu na mwisho nimeongeza machache ya Archicad, programu nyingine ya namna hiyo. Revit haina menyu za Kiswahili, kwa hiyo majina ya kwenye skrini nimeyaacha yanavyosomeka, ndani ya alama za nukuu. Herufi kubwa kama LW au VV ni amri za kubonyeza kwenye kibodi.

Ngazi za amri

Fahali wawili hawakai zizi moja. Amri mbili zikigongana juu ya mstari mmoja, ya ngazi ya juu ndiyo inayosikilizwa. Kuanzia dhaifu kwenda yenye nguvu, mpangilio ni huu:

1. "Object Styles", amri ya mradi mzima.
2. VV ("Visibility/Graphic Overrides"), dirisha la mwonekano mmoja, kwenye mstari wa "Walls".
3. "Override Host Layers", humohumo ndani ya VV, inayohusu matabaka ya ukuta.
4. Awamu za ujenzi: kilichopo, kinachobomolewa, kipya.
5. Vichujio vya mwonekano.
6. Amri juu ya ukuta mmoja mmoja, kwa EOD ("Override Graphics in View: By Element").
7. LW, ambayo hugusa ukingo mmoja tu wa ukuta.

Tatizo likitokea, litafute kuanzia namba 7 ukirudi chini. Huenda kuna mtu aliwahi kupitisha LW hapo ukutani, nawe unabadilisha "Object Styles" kutwa nzima na hakuna kinachosogea. Ila unapoweka utaratibu mpya wa ofisi, anza namba 1 upande juu, na ujitahidi usifike 7.

Kwanza, uone mistari ilivyo kweli

Bonyeza TL. Hiyo ni swichi ya mistari myembamba: ikiwa imewashwa, kila mstari kwenye skrini una unene uleule mwembamba, uwe wa zege au wa mchoro wa kigae. Wachoraji wengi huiacha imewashwa kwa sababu inasaidia kuona pembe zinapokutana, kisha wanalalamika kwamba mabadiliko ya unene hayafanyi kazi. TL haigusi uchapishaji, inahusu macho yako tu. Na Revit huikumbuka hata ukifunga programu na kuifungua tena, kwa hiyo usidhani imezimika yenyewe.

Halafu angalia mambo mawili chini ya dirisha: skeli, na kiwango cha undani, yaani "Coarse", "Medium" au "Fine". Nusu ya maswali ya mistari ya kuta hujibiwa hapo. Kwenye "Coarse" ukuta huonyesha mistari miwili ya nje tu, na katikati hujazwa mchoro au rangi uliyoiweka kwenye sifa za aina ya ukuta, penye "Coarse Scale Fill Pattern". Kwenye "Medium" na "Fine" matabaka ya ndani hujitokeza. Mwonekano mpya huchagua kiwango cha undani kulingana na skeli yake, kwa jedwali lililomo kwenye mipangilio ya mradi. Ndiyo maana ukuta uleule unaweza kuwa na mistari miwili kwenye ramani moja na minne kwenye nyingine bila mtu yeyote kuugusa.

Unene: piga hesabu kabla ya kuchagua namba

Kwenye "Manage", fungua "Object Styles", tafuta "Walls". Utaona safu mbili za namba: "Projection" na "Cut". Ya kwanza ni ya ukuta unaouona kwa mbali bila kuukata, ya pili ni ya ukuta uliokatwa na ramani au na mkato. Watu huchanganya hizi mbili, wanabadilisha "Projection" huku ukuta wao kwenye ramani umekatwa, na hakuna kinachotokea.

Namba zenyewe, 1 hadi 16, si milimita. Ni namba za kalamu. Milimita za kila kalamu zimo kwenye jedwali jingine, "Line Weights", chini ya "Additional Settings", na kwa mistari ya modeli kila kalamu ina unene wake kwa kila skeli. Kalamu namba 5 inaweza kuwa nene kwenye 1:50 na nyembamba kwenye 1:200. Mpango huo una maana yake, kwani ukuta uliosinyaa kwenye karatasi unahitaji mstari uliosinyaa pia.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua ukuta wa kugawa vyumba wenye upana wa milimita 100. Kwenye 1:100 unakuwa milimita 1 kwenye karatasi. Ukiupa mistari miwili ya 0.5, na kila mstari ukikalia ukingo wake nusu ndani nusu nje, nafasi inayobaki katikati ni nusu milimita. Mchoro wa tofali hauingii hapo. Shusha mistari iwe 0.35 na ukuta utapumua. Chukua na plasta ya milimita 12: kwenye 1:100 ni 0.12 tu, nyembamba kuliko kalamu ya 0.13 unayotaka kuichorea. Mstari wa plasta na mstari wa ukingo vitalaliana, na ukuta utaonekana una mpaka mzito wa ajabu ambao hakuna aliyeuomba. Kwenye 1:20 plasta hiyohiyo ni 0.6, na hapo ina haki ya kuonekana.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mkali kidogo: ramani za 1:100 na ndogo zaidi ziwe "Coarse". Wanaowasha "Fine" kila mahali wakidhani undani ni ubora huishia na ramani iliyolowa wino.

Kwa vipimo, mfululizo wa ISO 128, kanuni ya kimataifa ya michoro ya kiufundi, unatosha kwa milimita: 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, 1.0. Kila hatua ni kama mara 1.4 ya iliyotangulia, na jicho hutambua tofauti hiyo. Chagua tatu tu kwa kuta. Mimi huanza hivi kwenye 1:100: ukuta uliokatwa 0.35, ukuta unaoonekana bila kukatwa 0.18, michoro ya kujaza 0.13. Kwenye 1:50 hupandisha uliokatwa hadi 0.5. Ukitumia hatua zilizopakana, 0.25 na 0.35 kwa mfano, hakikisha kuna sababu, maana kwenye nakala iliyopigwa fotokopi tofauti hiyo hupotea.

Utaratibu wa kuweka:

1. Fungua "Line Weights", soma safu ya skeli unayotumia sana, andika pembeni kalamu gani inatoa milimita unazotaka.
2. Usibadilishe jedwali ikiwa namba unazozihitaji zimo tayari. Jedwali hilo linagusa milango, ngazi na samani pia.
3. Rudi "Object Styles", kwa "Walls" weka namba ya "Cut" na ya "Projection".
4. Panua alama ya jumlisha iliyo kando ya "Walls". Ndani yake kuna "Common Edges", mistari inayotenganisha matabaka. Ipe kalamu nyembamba kuliko zote.
5. Zima TL, tazama.

Matabaka ya ndani

Mara nyingi unataka kiini cha ukuta, zege au tofali, kiwe na mstari mzito na plasta iwe na mstari mwepesi. "Object Styles" haiwezi kufanya hivyo peke yake. Bonyeza VV, na chini ya orodha utaona sehemu ya "Override Host Layers". Weka tiki kwenye "Cut Line Styles", kisha bonyeza "Edit". Litatokea jedwali lenye kazi za matabaka: "Structure [1]", "Substrate [2]", "Thermal/Air Layer [3]", "Finish 1 [4]", "Finish 2 [5]". Kila moja unaipa kalamu yake. "Structure" nzito, "Finish" nyepesi, basi.

Inafanya kazi kwenye "Medium" na "Fine" peke yake, kwa sababu kwenye "Coarse" hakuna matabaka ya kuonyesha. Na ni amri ya mwonekano mmoja. Ukiitaka kwenye mikato yote, iweke ndani ya kiolezo cha mwonekano, ambacho tutakifikia.

Viungio: hapa ndipo kazi ilipo

Mstari unaokatiza pale kuta mbili zinapokutana ndio unaoudhi kuliko mingine yote, na ndio unaofichwa kwa LW kila siku. Karibu kila mara mstari huo unakwambia ukweli fulani kuhusu jinsi ukuta ulivyojengwa ndani ya modeli.

Namba zile kwenye mabano ya mraba, 1 hadi 5, ni daraja za nguvu. Namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Kuta mbili zikikutana kwa umbo la T, tabaka lenye namba ndogo hupenya matabaka yenye namba kubwa hadi likutane na mwenzake. Tuseme ukuta wa nje una tofali daraja la 1 na plasta daraja la 5, na ukuta wa ndani umejengwa vivyo hivyo. Tofali la ndani litapita kwenye plasta ya nje na kugusa tofali la nje. Kama materiali ni ileile, mstari kati yao unafutika na tofali linakuwa kitu kimoja. Kama materiali ni mbili tofauti, mstari unabaki, na ni sawa ubaki, kwa kuwa fundi naye ataona mpaka hapo.

Basi ukiona mstari usiotakiwa kwenye kiungio, pitia haya kwa mpangilio huu:

Je, kuta zinagusana kweli? Chagua mmoja, vuta kitone cha buluu cha mwisho wake hadi kishike mwenzake, au tumia TR, amri ya kukata au kurefusha kuta hadi zikutane. Nafasi ya milimita 3 haionekani ukiwa umetazama jengo zima, lakini kwa Revit hizo ni kuta mbili zisizojuana.

Je, kuna aliyezikataza zisiungane? Bofya kitone hicho kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Ukiona "Allow Join" kwenye orodha, maana yake kiungio kilikuwa kimefungwa. Kifungue.

Je, madaraja yako sawa? Fungua sifa za aina ya ukuta, kisha "Edit" kwenye "Structure". Kosa ninalolikuta mara nyingi ni plasta iliyopewa "Structure [1]", kwa sababu mtu aliongeza mstari mpya kwenye jedwali na kuacha kazi iliyojiweka yenyewe. Plasta ya daraja la 1 hailipishi tofali la daraja la 1, na mstari unakatiza hapo.

Je, materiali ni ileile kwa jina? "Zege" na "Zege(1)" kwa macho ni kitu kimoja; kwa programu ni viwili. Nakala za namna hii huingia unapobandika kuta kutoka mradi mwingine. Badilisha aina ya ukuta itumie materiali moja, kisha ifute iliyobaki.

Ukimaliza manne haya na mstari bado upo, ndipo utumie "Wall Joins", kwenye kichupo cha "Modify". Peleka kipanya kwenye kiungio, utaona kisanduku cha mraba, bofya. Juu ya skrini kuna chaguo za umbo: "Butt", ambapo ukuta mmoja unaishia ubavuni mwa mwingine, "Miter", ambapo zote zinakatwa mshazari kwenye kona, "Square off", ambapo mwisho unanyooshwa kwa pembe mraba pale kuta zisipokutana kwa nyuzi 90. Bonyeza "Next" kuona mpangilio mwingine wa nani anampita nani. Pembeni kuna "Display", yenye "Clean Join" na "Don't Clean Join", ambayo huamua kiungio hiki kimoja kisafishwe au la bila kujali mipangilio ya mwonekano.

Mwonekano nao una neno lake. Kwenye sifa zake kuna "Wall Join Display": safisha viungio vyote, au vya kuta za aina moja tu. Chaguo la pili lina manufaa kwenye ramani za "Coarse", unapotaka ukuta wa kubeba mzigo ujitenge kwa mstari na ukuta wa kugawa vyumba. Wahandisi wengi hupenda hivyo. Wasanifu huona ni uchafu. Kubalianeni mapema.

Nguzo zina tabia yake. Nguzo ya kiusanifu ikiunganika na ukuta huchukua materiali ya ukuta huo, mistari ya kati inatoweka na nguzo inakuwa kama uvimbe ukutani. Nguzo ya kimuundo haifanyi hivyo. Ukishangaa kwa nini nguzo mbili zinazofanana zinaonekana tofauti, angalia kategoria kabla ya kuangalia mistari.

Ukuta mfupi usiokatwa

Ramani ya sakafu hukata jengo kwa kimo fulani, mara nyingi milimita 1200 juu ya sakafu kwenye violezo vya kipimo cha metriki. Kimo hicho kimo kwenye "View Range", katika sifa za mwonekano. Kilichokatwa hupata kalamu ya "Cut". Kilicho chini yake hupata ya "Projection". Kilicho chini zaidi ya mpaka wa chini, ndani ya kina cha mwonekano, huchorwa kwa mtindo uitwao "<Beyond>".

Hapa kuna mtego. Ukuta mfupi kuliko futi 6, yaani kama mita 2, Revit haiuchori kama uliokatwa hata kama kimo cha kukata kinapita katikati yake. Ukuta wa kibaraza wa mita 1.5 utabaki na mstari mwembamba, na kushusha kimo cha kukata hakutakusaidia. Ukitaka uonekane mzito, tumia kichujio kinachoushika kwa aina yake na kuupa kalamu nene kwenye "Lines" iliyo chini ya "Projection/Surface". Kwa ukuta mmoja pekee, EOD inatosha.

Na kama ni sehemu moja tu ya jengo inayohitaji kimo kingine, sakafu iliyopanda kwa mfano, usibadilishe "View Range" nzima. Chora "Plan Region" kuzunguka sehemu hiyo na uipe kimo chake.

Mstari wa mlalo kwenye sura ya nje

Umejenga kuta za nje ghorofa kwa ghorofa, kila moja na ukuta wake. Kwenye sura ya nje ya jengo panatokea mstari wa mlalo kila ukuta unapoishia na mwingine kuanzia. Ikiwa nyuso ziko kwenye wima mmoja na materiali ni moja, tumia "Join Geometry": bofya ukuta wa chini, bofya wa juu, mstari unaondoka. Usipoondoka, nyuso hazilingani, pengine kwa milimita mbili tatu. Zilinganishe kwa AL ("Align") kisha urudie. Amri hiyohiyo hufuta mstari kati ya ukuta wa zege na bamba la zege kwenye mkato, na hapo inafaa kufanywa kwa bidii, maana mkato wenye zege iliyokatikakatika humdanganya anayeusoma kwamba kuna kiungio cha ujenzi.

Kuta za kundi fulani

Kuta za kuzuia moto, kuta za ofisi za kioo, kuta za kubeba mzigo: zote ni "Walls", na VV haiwezi kuzitofautisha. Tengeneza kichujio. Ndani ya VV nenda "Filters", unda kipya, chagua kategoria ya kuta, weka kanuni. Kwa kuta za moto, kanuni inaweza kuwa "Fire Rating" iwe sawa na thamani unayotumia. Kiongeze kwenye mwonekano, kipe rangi na kalamu. Vichujio viwili vikishika ukuta mmoja, kilicho juu kwenye orodha ndicho kinachoshinda.

Kwa ukarabati, acha awamu zifanye kazi hiyo. Kwenye "Phases" kuna kichupo cha "Graphic Overrides", ambapo unaamua kilichopo kiwe kijivu, kinachobomolewa kiwe cha vipande, na kipya kiwe kizito. Usikipake rangi kwa mkono kitu ambacho awamu inakijua tayari.

VV imefifia na haikubali kubofywa

Kiolezo cha mwonekano ndicho kimeishika. Soma "View Template" kwenye sifa. Usikiondoe ili kutatua shida ya dakika moja, kwani kesho mwonekano huo utakuwa peke yake na sura yake wakati mingine yote imebadilika. Kifungue kiolezo chenyewe, badilisha humo, na ramani zote zinazokitumia zitafuata. Hapa ndipo "Override Host Layers" na vichujio vinapaswa kukaa.

Kuta zinazotoka kwenye modeli iliyounganishwa, ya mhandisi kwa mfano, zina kichupo chao ndani ya VV, "Revit Links". "By Host View" inazitii amri zako. "By Linked View" inazitii za kwake. "Custom" inakuruhusu kuchanganya. Kumbuka pia kwamba ukuta wako hauungani na ukuta wa modeli iliyounganishwa. Mstari kati yao utabaki, na hapo LW ni halali.

LW, kwa kiasi

Bonyeza LW, chagua mtindo wa mstari, bofya ukingo. Kuficha, chagua "<Invisible lines>". Kurudisha, chagua "<By Category>" na ubofye palepale. Baada ya kubofya unaweza kuvuta ncha za mstari ili kuficha kipande tu, jambo ambalo ngazi nyingine haziwezi. Inakaa kwenye mwonekano mmoja, haiingii kwenye kiolezo, na hakuna orodha ya kukuonyesha ilipopita. Zaidi ya mara tano kwenye karatasi moja, rudi kwenye viungio.

Kwa wanaotumia Archicad

Mantiki ni ileile, majina yamebadilika. Nguvu ya kupenya imo kwenye materiali yenyewe ya ujenzi, kwa namba kutoka 0 hadi 999, na huku namba kubwa ndiyo inayoshinda, kinyume cha Revit. Kuta za materiali moja huyeyukia pamoja. Mistari kati ya matabaka huwashwa, huzimwa na kupewa kalamu ndani ya mipangilio ya ukuta wa matabaka, mstari kwa mstari. Zikikataa kuungana, angalia leya: leya zenye namba tofauti za kundi la kukutana haziruhusu kuta zake ziungane. Na badala ya kubadili kiwango cha undani kwa skeli ndogo, "Partial Structure Display" hukuruhusu kuonyesha kiini cha ukuta pekee, plasta ikakaa kando.

Kabla ya kutuma

Toa PDF ya karatasi moja, si seti nzima, na uichapishe kwa ukubwa kamili. Ukiikuza kwenye skrini hadi asilimia 400 kila mstari utaonekana mzuri. Kwenye mipangilio ya rangi, "Black Lines" hugeuza kila mstari usio mweupe kuwa mweusi, pamoja na kuta ulizozifanya za kijivu kwa awamu au kwa kichujio. Ukizitaka ziwe kijivu, tumia "Grayscale". Angalia pia tiki ya "Replace halftone with thin lines", inayobadili mistari iliyofifishwa kuwa myembamba na mieusi. Kisha ishike karatasi kwa umbali wa mkono ulionyooka. Kuta zilizokatwa zionekane kwanza, milango baadaye, vipimo na maandishi mwisho. Vipimo vikitangulia, rudi "Object Styles" na uongeze "Cut" kalamu moja.